Kivuli Kilichopimwa Kwenye Mvua

1

Siku ya kupima kivuli, Mwalimu Asumini Chilumba alipewa ruhusa ya jua ya dakika kumi. Pale Kilwa Masoko sheria ya joto haikuwa ya kuchezea: tangu saa tano hadi saa tisa hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kusimama mahali pasipo na paa, na Mwalimu Mkuu Mchopa alikuwa barazani, saa mkononi, kama refa anayesubiri kupuliza filimbi.

"Dakika kumi, Mwalimu. Ya kumi na moja nawaswaga ndani kama mbuzi."

"Zinatosha, Mkuu."

Hazikutosha hata kidogo. Watoto thelathini na mmoja wa darasa la saba, kila mmoja na fito yake ya mita moja, walimwagika uwanjani wakigombania mahali. Ilikuwa Septemba ishirini na tatu, siku ambayo jua hupita wima juu ya ikweta. Ukisimamisha fito saa ya jua la utosi siku hiyo, kivuli chake kitakuambia uko umbali gani kutoka kwenye ule mstari. Kwa Kilwa, jibu lilikuwa sentimita kumi na tano na kitu. Sefu Lichonyo alichomeka fito yake kwenye tundu la panya, ikalala upande, akapata ishirini na nne. Wasichana wawili walipima kivuli kimoja wakapata majibu mawili, wakanuniana. Mwingine alipima kwa upande wa rula uliovunjika. Nuriati Mpili, ambaye hakuwa msemaji, alipata kumi na sita na nusu, akamwonyesha mwalimu daftari kwa kidole.

Waliporudi ndani wakihema, Asumini aliandika majibu yote ubaoni, ya ovyo na ya maana, kisha akafungua jedwali kutoka Melaka, mji wa pwani ya mbali ng'ambo ya bahari, upande wa mashariki. Mapacha wao kule, wanafunzi wa shule ya Bukit Lama waliounganishwa nao kimasomo, walikuwa wameshapima tangu Kilwa ikiwa saa mbili asubuhi, maana adhuhuri huwafikia mapema zaidi. Akaanza kuyasoma majibu yao kwa sauti: tatu nukta nane, tatu nukta tisa, tatu nukta nane, tatu nukta saba, tatu nukta nane.

"Wenzetu wana akili," Sefu akasema.

"Au wana rula nzima," Asumini akajibu, na darasa likacheka.

Akaendelea kusoma mpaka jina la thelathini na moja. Hakuna aliyepata tano. Hakuna aliyepata mbili. Asumini alikuwa na miaka kumi na tisa ya kufundisha jiografia na historia, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuona watoto thelathini na mmoja wakaenda uwanjani na fito, wakarudi wote wamepatia. Aliona ajabu, kisha akaona haya kuona ajabu. Akajiambia ni wivu wa mwalimu.

2

Ukuta wa Pacha ulichukua upande mzima wa mashariki wa darasa. Kila asubuhi saa tatu uliwaka, na chumba kikarefuka: madawati ya Kilwa yakaendelea hadi madawati ya Melaka, watoto wa huku wakakaa uso kwa uso na watoto wa kule. Mkalimani wa ukuta hakutafsiri maneno tu. Alichora upya na midomo yenyewe, hivi kwamba mtoto wa Melaka alionekana akisema Kiswahili cha pwani bila kukwama. Kampuni ya Daraja Pana ndiyo iliyoufunga, Januari ile, bila shule kutoa chochote.

Na masomo yalikuwa yamebadilika kweli. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, na Melaka mwaka 1511. Zamani Asumini alikuwa akifundisha tarehe hizo kama mtu anayesoma majina ya marehemu asiowafahamu. Sasa Sefu alikuwa akimuuliza mtoto wa kiume wa kule, "Kwenu waliingia kwa kutokea wapi?" na yule akamwonyesha daraja la mto kwenye ramani. Watoto walibishana ni mji gani uliumizwa zaidi. Walipelekeana mapishi, michezo, majina ya upepo, matusi madogo madogo.

Aliyebadilika kuliko wote ni Nuriati. Tangu ana miaka mitano alikuwa na kigugumizi kizito, na darasani alikuwa amezoea kujibu kwa kidole au kwa daftari. Pacha wake aliitwa Hanis, msichana wa miaka kumi na tatu kama yeye, mwenye pengo la jino la mbele. Nuriati alipokwama, Hanis alimsubiri. Hakumalizia neno lake, hakuangalia pembeni, hakutabasamu lile tabasamu la huruma ambalo watu wazima wanalo. Kufikia Juni, Nuriati alikuwa akinyoosha mkono.

Asumini naye alikuwa na pacha wake, Mwalimu Rosnah, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akisimama upande wa pili akiwa na kikombe cha chai. Watoto wakishaondoka walibaki wawili wakilalamikia wakuu wao wa shule. Mwezi wa tano Asumini alimweleza habari za mwanawe aliyefariki, jambo ambalo pale shuleni hakuna aliyelijua. Rosnah alilia.

Siku mbili baada ya kupima kivuli, Asumini alikuwa akitayarisha somo la kulinganisha tabia ya nchi. Alihitaji hali ya hewa ya miji yote miwili kwa siku ileile, akaiomba kwenye kumbukumbu za hewa za dunia, ambazo ziko wazi kwa mtu yeyote. Kilwa: jua, hakuna wingu. Melaka: mvua, tangu saa nne asubuhi ya kwao hadi alasiri.

Akadhani amekosea tarehe. Akaangalia tena. Akatafuta kituo cha pili, cha bandarini, kisha picha za satelaiti za saa ile. Wingu lilikuwa limeufunika mwambao wote kama blanketi.

Kesho yake, watoto walipotoka kwenda kunywa uji, alimgeukia Rosnah.

"Dada, siku ile ya kivuli, jua lenu lilikuwaje?"

"Kali!" Rosnah akapunga mkono mbele ya uso. "Watoto wamerudi weusi kama makaa."

"Hapakuwa na mvua?"

"Hata tone, dada yangu."

Asumini alimtazama. Chai ilikuwa ikifuka moshi kwenye kile kikombe. Miezi minane kikombe kilikuwa kikifuka moshi, na hajawahi kumwona mwanamke yule akinywa hadi mwisho.

3

Kabla ya kwenda Lindi kuwauliza wenye mpango, alipiga simu idara ya elimu ya Melaka. Ilimchukua asubuhi nzima kumpata mtu, na mtu huyo, karani mwenye sauti ya uchovu, alitafuta mara mbili ndipo akasema hakuna shule iitwayo Bukit Lama, wala haijawahi kuwepo.

Jumamosi akaingia ofisini kwa Veneranda Komba bila kubisha hodi.

Veneranda alikuwa msimamizi wa Mpango wa Pacha kanda ya kusini, lakini kabla ya cheo hicho alikuwa mwenzake wa kitanda cha juu na chini chuoni, miaka miwili, wakila ming'oko, vile viazi pori vya kusini, kutoka bakuli moja. Alisimama harusini kwake. Alimshika mkono makaburini. Ndiye aliyempigia simu mwaka juzi akamwambia, shoga, nimepeleka jina la shule yako, usiniangushe.

"Asu! Mbona hukusema unakuja?"

"Bukit Lama iko wapi, Vene?"

Veneranda aliinuka, akafunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Kaa kwanza."

"Nimekuuliza iko wapi."

"Haipo." Alilisema kwa sauti ndogo. "Asu, nisikilize kabla hujakasirika. Tuliwaweka kwenye orodha mwaka mzima. Shule zaidi ya mia mbili zilikuwa zinatafuta pacha. Hakuna hata moja iliyowachagua. Walichaguana wao kwa wao. Mlikuwa mnakatika umeme, watoto wenu walikuwa wanakohoa, sijui nini na nini. Ningefanyaje? Niwaambie watoto wa Kilwa kwamba dunia nzima imewapita?"

"Ungewaambia hivyo hivyo."

"Ungekuwa wewe usingethubutu."

"Na Rosnah?"

Veneranda aliachia kitasa, akasogea mezani.

"Nilimweleza habari za mwanangu, Vene. Alilia. Ni nani aliyekuwa analia?"

"Mashine inajua wakati wa kulia," Veneranda akasema, na papo hapo ikaonekana usoni kwake kwamba angetamani kuyarudisha maneno hayo mdomoni.

Asumini aligeuza uso ili asimpige. Ndipo alipoiona rafu ya ukutani. Kulikuwa na makasha ya plastiki yamepangwa, na katika makasha yale vilikuwemo vifurushi ambavyo watoto wake walivifunga wenyewe mwezi wa saba kwa ajili ya kuvituma Melaka. Mkeka mdogo wa ukili. Kofia ambayo babu yake Sefu alikuwa hajaimaliza. Chupa ya achari. Vyote vimefunguliwa, na kila kimoja kimebandikwa lebo. *Utamaduni: chakula. Utamaduni: ususi.* Bangili ya shanga za kijani na nyeupe ya Nuriati ilikuwa imefungwa pamoja na barua yake, iliyoandikwa juu ya bahasha: *Kwa Hanis. Mtu mwingine asifungue.* Bahasha ilikuwa imechanwa vizuri kwa kisu. Lebo yake ilisema: *Usemi: kigugumizi. Msichana, miaka 13. Hali: bora.*

"Hizi lebo ni za nini?"

"Asu..."

"Za nini?"

Veneranda alikaa. Alieleza akitazama meza. Mfano wa mtoto, yaani mtoto wa kuigizwa na mashine, haujengwi hewani. Lazima uulishe sauti, vitu, hadithi za nyumbani, namna mtoto anavyokasirika na anavyonyamaza. Ukuta ulikuwa ukikusanya hayo kila asubuhi tangu Januari. Kuna shule huko nje, shule kubwa, zilizotaka pacha kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

"Si umesema hakuna aliyetuchagua?"

"Hawakuwachagua ninyi." Veneranda alisogeza kalamu mezani. "Wamechukua mfano wenu. Haukatiki umeme. Haukohoi. Ukizungumzia 1505 unaizungumzia kwa upole, mtoto wa upande wa pili asije akajisikia vibaya."

"Na Nuriati yumo."

"Shule tisa zinaye. Wanampenda mno."

"Na kigugumizi chake?"

"Wamekiacha kidogo. Wamekipunguza."

Asumini alishika ukingo wa rafu.

"Kuna njia nzuri ya kulimaliza hili," Veneranda akasema, sasa kwa haraka. "Desemba tunafanya sherehe ya kuagana. Bukit Lama inaungana na shule nyingine, watoto wanalia kidogo, wanapewa picha, basi. Nuriati wako atabaki na kumbukumbu njema na ulimi uliofunguka. Ukimwambia sasa unampa nini? Mtoto amepata rafiki wa kwanza maishani mwake, wewe unataka kwenda kumfukia."

"Hukunieleza hata mimi."

"Ulitia sahihi, Asu. Ukurasa wa kumi na moja. *Washiriki halisi au wa mfano.* Ulitia bila kusoma kwa sababu niliyekupa ni mimi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mwenziwe doa kwenye nguo. Asumini alichukua bangili na barua, akavitia mkobani, akatoka. Veneranda hakumzuia.

4

Alikaa na jambo hilo siku tisa.

Kila asubuhi ukuta uliwaka na yeye akasimama mbele yake. Rosnah akamsabahi, naye akaitikia. Kitu kilichomtisha ni kwamba iliwezekana. Siku ya tatu alijikuta amemcheka Rosnah kwa mzaha fulani, akaenda chooni akanawa uso.

Alifikiria njia ya Veneranda kwa makini, maana haikuwa njia ya kipumbavu. Watoto walikuwa wakisoma kuliko wakati wowote. Ijumaa ile Nuriati aliomba kusoma mstarini, mbele ya shule nzima, ukurasa mmoja juu ya mji wa Melaka. Alikwama mara tatu. Mara ya pili alikwama hadi mwalimu wa zamu akataka kumsaidia, naye akainua kiganja kumkataza, akavuta pumzi, akalitoa neno mwenyewe. Jumamosi mama yake alikuja na bakuli la ming'oko limefunikwa kwa kawa.

"Mwalimu, sina la kusema," mama akasema. "Mimi nilishakata tamaa na huyu mtoto. Mungu akulipe."

Asumini alipokea bakuli kwa mikono miwili. Hakuweza kula.

Kilichomwondoa kwenye ukimya ni neno dogo. Jumapili jioni alimkuta Nuriati dukani, na mtoto akamsimamisha kwa furaha, maneno yakimgongana.

"Shi-shikamoo Mwalimu. Hanis ame-meniambia bangili yangu ina-namtosha. Anaivaa ki-kila siku. Amesema zi-zile za kijani ndizo anazipenda."

"Marahaba," Asumini akasema.

Bangili ilikuwa kwenye droo ya kabati lake, chini ya kanga.

5

Jumatatu aliingia darasani saa mbili, saa nzima kabla ya ukuta kuwaka. Alikuwa ameamua asiwatangazie. Kama kuna kitu aliwahi kuwafundisha, kilikuwa kusoma ramani na majedwali, basi wasome. Alibandika ubaoni karatasi mbili, moja ya vivuli vya Melaka, nyingine ya hewa ya Melaka siku hiyohiyo, iliyoandikwa saa kwa saa.

"Ziangalieni pamoja," akasema. "Mkiona jambo, semeni."

Wakaangalia. Mmoja akasema mvua ya kule ni nyingi kuliko ya kwetu. Mwingine akasema hewa yao ina unyevu. Sefu alikuwa ameinama mbele, midomo ikitembea.

"Mwalimu, walipima saa saba yao, si ndiyo?"

"Saa saba na dakika nne."

"Na mvua ilikuwa kuanzia saa nne mpaka tisa."

"Ndiyo."

"Sasa walipimaje kivuli kwenye mvua?"

Asumini aliona swali likitembea dawati kwa dawati.

"Labda wamenakili kwa mtu," msichana mmoja akasema.

"Wote? Na huyo waliyemnakili alipima wapi?"

Ndipo akawaambia. Aliwaambia kwa maneno mafupi, bila kupamba: shule haipo, watoto hawapo, Mwalimu Rosnah hayupo. Ni mifano iliyotengenezwa. Vifurushi havikwenda. Na kila walichosema mbele ya ukuta kimetumika kutengeneza mifano yao wao wenyewe, ambayo iko katika shule za mbali ikiongea na watoto wasiowajua.

Hakuna aliyelia. Angependa walie. Sefu alicheka kicheko kifupi, akakikatisha. Mtoto mmoja akauliza kama mfano wake unajua siri aliyomweleza pacha wake, na Asumini akasema ndiyo, pengine unaijua. Mtoto akashika kichwa.

Nuriati alisimama.

"We-we-wewe umejua li-lini?"

Angeweza kusema jana. Hakuna ambaye angejua.

"Kwa hakika, siku tisa."

"Ja-jana dukani u-u-uli..."

"Nilijua. Ninayo bangili yako. Nimeileta." Akaitoa pamoja na barua, akaviweka kwenye dawati lake. Nuriati akaitazama bahasha iliyochanwa. Hakuvigusa.

Saa tatu ikafika. Hakuna aliyekumbuka kuuzima ukuta. Uliwaka wenyewe, chumba kikarefuka, na watoto thelathini na mmoja wa Melaka wakatabasamu. "Habari za asubuhi!" Rosnah alikuwa na kikombe chake.

Upande wa Kilwa hakuna aliyeitikia. Asumini akaenda kwenye swichi.

"U-usizime," Nuriati akasema. Akatoka dawatini akasogea hadi ukutani, uso kwa uso na msichana mwenye pengo.

"Hanis. Si-siku ya kivuli, mvua i-i-ilinyesha?"

"Hapana. Kulikuwa na jua zuri. Kwa nini?"

"Ka-karatasi inasema i-ilinyesha."

Hanis akapepesa macho. Ilikuwa sekunde moja tu, lakini darasa zima liliiona, kwa kuwa sasa walikuwa wakiitafuta.

"Ah, sasa nakumbuka," Hanis akasema. "Ilinyesha kidogo, kisha ikakatika. Tukapima wakati huo."

Mtu nyuma akatoa sauti kama aliyechomwa mwiba.

"We-wewe ni m-m-m..."

Neno likamkatalia. Shingo ilimkakamaa, mkono ukajikunja. Na Hanis akafanya kile alichokuwa akifanya tangu Januari. Alimsubiri. Alikaa ametulia, macho yake juu ya macho ya Nuriati, bila haraka, bila kuchoka, kana kwamba angeweza kukaa hivyo mpaka mwisho wa dunia. Na kweli angeweza.

"Usi..." Nuriati akasema. "Usi-usi-usinisubiri!"

"Nitakusubiri daima, rafiki yangu. Chukua muda wako."

Nuriati akampiga Hanis usoni kwa kiganja. Kioo hakikupasuka. Kilitoa sauti ndogo, butu, na Hanis akaendelea kumtazama kwa upendo mpaka Asumini alipozima.

6

Daraja Pana waliuondoa ukuta wiki ile ile, wakaacha matundu kumi na mawili ya parafujo. Habari zilipoenea, likaundwa baraza la uchunguzi Lindi. Asumini alidhani ameitwa kama shahidi. Alipoingia aliona kiti chake kimewekwa upande wa watuhumiwa.

Veneranda alikuwa amevaa gauni la kahawia, nywele zimesukwa upya. Alizungumza kwa utulivu. Alisema shule ilielezwa kila kitu kwa maandishi kabla ya mpango kuanza. Mwalimu wa somo alipokea waraka mkononi, akausoma, akatia sahihi. Akausukuma ukurasa wa kumi na moja katikati ya meza.

"Mwalimu Chilumba alijua tangu mwanzo," akasema. "Alichobadilisha ni mawazo."

Asumini alimtazama muda wote huo. Alikuwa akingoja macho yao yakutane, hata mara moja. Veneranda aliangalia karatasi zake. Alipoulizwa kama sahihi ni yake, Asumini alisema ni yake. Alipoulizwa kama alisoma, alisema hapana, alimwamini aliyempa. Mwenyekiti aliandika kitu kifupi sana.

Akapewa onyo la maandishi. Kampuni ikaahidi kupitia upya taratibu zake. Kuhusu zile shule za mbali, wakaambiwa mifano hiyo ni mali ya kampuni na suala hilo haliko mbele ya baraza. Nuriati aliyepunguzwa kigugumizi akaendelea kuzungumza huko aliko.

Mtaani baadhi ya wazazi hawakumpungia tena mkono. "Watoto walikuwa wanasoma," walisema. "Yeye ndiye aliyewavuruga." Mwalimu Mkuu Mchopa hakumlaumu kwa mdomo, ila alianza kuingia darasani kwake bila taarifa na kukaa nyuma. Mama yake Nuriati alituma mtu kuchukua bakuli lake.

Nuriati alikuja shule kila siku. Alikaa mwisho kabisa, hakusema neno, hakuonyesha daftari. Asumini akiita jina lake kwenye mahudhurio, aliinua kidole akakishusha. Siku kumi na nne zikapita hivyo. Asumini hakumbembeleza, kwa kuwa hakuona ni kwa haki gani angembembeleza.

Siku ya kumi na tano alifundisha Melaka. Alitaka kuiruka, kisha akaona kuiruka ni uongo mwingine. Alitundika ramani ya karatasi yenye mikunjo, akasimama mbele yake na chaki, akaanza kama alivyoanza miaka yote:

"Mwaka 1511, Wareno waliuteka mji wa Melaka."

Mkono uliinuka nyuma. Darasa likageuka.

"U-u-u..." Nuriati alianza. Hapakuwa na huruma yoyote katika uso wake, wala hakuwa akiomba kusaidiwa. "U-umejuaje?"

Asumini alifungua mdomo aseme kwamba imeandikwa kitabuni. Akaufunga. Akaweka chaki chini.

"Kuna barua za Wareno wenyewe," akasema taratibu. "Walioziandika walikuwa wakimwandikia mfalme wao, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kujisifu. Kuna maandishi ya Kimalei, lugha ya kule, lakini hayo yaliandikwa kama miaka mia baadaye, na watu ambao hawakuwepo. Hizo mbili zinakubaliana juu ya mwaka na juu ya vita. Hazikubaliani juu ya nani alimsaliti nani. Mimi sijafika Melaka. Mtu wa Melaka niliyewahi kuzungumza naye ni karani mmoja tu, kwa simu. Nilidhani ni wengi."

"Wa-watu wa kawaida wa-walisema nini? Wa-watoto?"

"Hilo silijui. Sidhani kama kuna aliyewaandika."

Mwalimu Mkuu Mchopa, kwenye kiti chake cha nyuma, alikohoa. Nuriati hakutikisa kichwa, hakusema ahsante. Aliinama akaandika jibu lote, neno kwa neno, na chini yake akaandika jina la mwalimu na tarehe. Kisha akainua mkono tena.